Sikio la Kapita

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kuegemea, saa ya ukutani na maneno mengi. Kiti ni kizuri. Saa imekwisha kusimama. Maneno ndiyo yananisumbua. Shefu wenu mpya alisimama mbele ya wote akasema kwamba katika miaka yangu yote ya ukapita, ya kusimamia ekipi nzima ya wachimbaji, hakuna mtu aliyeumia kwa kosa langu, na akaniomba niandike, kwa ajili ya wale wanaoingia kazini sasa, namna mtu anavyojifunza kuongoza wenzake. Mkapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Nyuma kabisa, karibu na mlango wa karakana, alisimama mlinzi wetu wa geti, Kasongo. Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Ngalula. Naye alipiga makofi kwa namna yake, kiganja cha kushoto juu ya paja, kwa sababu mkono wake wa kulia una vidole viwili tu.

Mnafikiri mnajua vidole vile vingine vilikwenda wapi. Mliambiwa ni ukaidi wake, alipanda ukuta wa mawe bila kungoja amri. Aliyewaambia ni mimi. Jina lake limekaa na uchafu ule miaka mingi kuliko umri wa wengine kati yenu, na ni mimi peke yangu ninayeweza kumsafisha. Basi naandika.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Sioni aibu kwa hilo. Nimewahi kuwarekebisha wenye diploma, na jiwe halijawahi kuniuliza shule yangu. Daftari hili nimeliandika kwa mkono wangu, pole pole. Aibu yangu iko mahali pengine, na tutafika.

Babu yangu alitoka Kasai pamoja na wale waliochukuliwa kuja kufanya kazi ya madini. Baba yangu alizeekea kiwandani hapa Likasi. Mimi sikupata nafasi kwenye kampuni kubwa, kwa hiyo nilitoka mtaa wetu wa Kikula kwa miguu nikaenda machimbo ya mawe ya chokaa, yale madogo ya mtu binafsi, ukipita Kakontwe. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, nikidhani ukienda kuomba kazi lazima upendeze. Kufika saa kumi vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga, na kanisani havikurudi tena.

Kapita wa siku zile alikuwa Papa Mwepu, mtu mfupi, mwenye kikohozi, asiyependa maneno. Alinipokonya sepetu akanipeleka chini ya ukuta wa mawe. Nilikuwa nimeanza kumweleza kazi zote ninazozijua. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Weye mutoto ya Kasai, uko na mudomo mingi. Hapa jiwe njo inasemaka. Weye unasikilizaka tu."

Kwa wale wageni, nieleze. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kusimama chini ya ukuta, mmoja hupanda na mtaimbo kugonga mawe. Jiwe zima hulia kama kile kipande cha reli wanachogonga shuleni kuwaita watoto. Jiwe lililoachana na wenzake hujibu kwa sauti ya sanduku tupu. Hilo la sanduku tupu huangushwa kwanza, ukiwa umesimama ubavuni mwake, kamwe si chini yake, na kidole gumba hakifungwi kati ya mtaimbo na jiwe. Unagonga mara moja, unasogea kiganja kimoja, unagonga tena. Ukigonga mahali pamoja mara tatu, hapo unamwita kapita. Ndiyo sheria ya Papa Mwepu, naye aliipokea kwa waliomtangulia. Ni neno ambalo hata kibarua wa jana anaweza kumwambia mkubwa wake bila kufungua mdomo, na kapita akilisikia lazima aache alichoshika, apande, aweke kiganja chake juu ya jiwe, asikilize mwenyewe.

Papa Mwepu alinifunga macho kwa kitambaa akawa ananipitisha ukutani. Yeye anagonga, mimi nasema zima au tupu. Kila nilipokosea alihesabu. Jioni alikuwa ananiaga mbele ya wote, "Leo ulikufa mara ine. Kesho jaribu kufa kidogo." Ekipi nzima inacheka. Ilipita misimu miwili ya mvua kabla ya siku niliyomaliza bila kufa. Siku hiyo alinigawia nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko ile, pamoja na kiti chenu.

Kikohozi kilipomshinda, mtaimbo ulibaki kwangu na ukapita pia. Hapa ndipo nilipojifunza vibaya. Nilichukua sikio la Papa Mwepu, miguu yake sikuichukua. Yeye, pamoja na kifua chake kibovu, aliitwa akapanda. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa naweza kusikia jiwe nikiwa nimekaa nakula, na kabla mgongaji hajamaliza nilimpigia kelele kwamba ni zima, ashuke, au ni tupu, aliangushe. Mara nyingi nilikuwa sawa. Watu wakanipa jina la Sikio. Nililipenda jina lile kuliko nilivyopenda lile la ubatizo. Nilidhani kapita mzuri ni yule anayejibu haraka. Pole pole watu waliacha kunigongea mara tatu. Sikuona kwamba kuna kitu kimekufa. Niliona kazi inakwenda.

Kasongo aliingia ekipi wakati huo. Mluba wa huku Katanga, kijana wa kimya, alikuwa amesoma kunipita mbali, tena alikuwa na sikio. Nasema leo bila kuzunguka: sikio lake lilikuwa bora kuliko langu. Alikuwa anaweka paji la uso juu ya jiwe, anafumba macho, anagonga pole. Nilimfundisha kidogo, yaliyobaki nikayaficha, kwa sababu Sikio ni mmoja tu. Kisha akaja nyumbani na wajomba zake kuniomba Ngalula.

Tuliwapa. Sherehe ilikuwa nzuri, na kesho yake kazi ikaharibika. Kwetu mkwe, bukwe tunavyosema, si mtu wa kuchezea. Hamli sahani moja, hamtaniani, humwangalii usoni, jina lake hulitamki ovyo, na neno la baba mkwe halikatwi mbele ya watu hata kama ni neno la kijinga. Sasa chukua heshima hiyo uipeleke kwenye machimbo ya mawe. Kasongo yuko hatua tano kutoka kwangu, nami namwambia Tshibangu, mtoboaji wetu, "Ambia ule baba aanzie kuume." Tshibangu anageuka, "Baba, bukwe yako anasema anzia kuume." Kasongo anamjibu Tshibangu. Tshibangu ananiletea jibu. Tshibangu aliyafurahia sana mambo haya. Siku nyingine alikuwa akiongeza ya kwake: "Bukwe anasema pia leo unapendeza." Watu wanakufa kwa kicheko, sisi wawili tumeinama kama waombolezaji.

Mwenye machimbo aliniita akaniambia mkwe wangu ahamie ekipi nyingine. Nilikataa. Nikamjibu kwamba ukwe ni wa nyumbani na kazi ni ya kazini. Ilikuwa sentensi nzuri, niliirudia kwa watu wengi. Na kuonyesha kwamba simpendelei mkwe wangu, nilikuwa namtuma kila mahali pabaya. Ukuta wa juu, Kasongo. Mvua imenyesha, Kasongo. Nilijiona mtu wa haki.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya siku tatu za mvua. Maji yanaingia kwenye nyufa na jiwe lililokuwa zima jana leo si zima. Kila mtu anajua hilo. Tanuru lilikuwa limewashwa tayari, linangoja mawe. Mwenye machimbo alikuja na wageni wawili waliovaa kofia mpya za kazi, na alikuwa amewaambia kwamba ana kapita anayesikia mawe kama daktari anavyosikia kifua. Tshibangu hakuwepo, alikwenda kilioni. Kasongo alipanda. Aligonga, aligonga, akasimama, akaniangalia. Hakusema kitu. Wageni nao wananiangalia mimi. Nikasema kwa sauti ya watu wote, "Iko muzima. Anza."

Akaanza kung'oa mawe ya tanuru. Alitia ncha ya mtaimbo kwenye ufa, akasukuma. Bamba la jiwe la ukubwa wa mlango liliachia. Aliruka, nalo halikumpata mwilini, lilimpata mkono uliokuwa bado umeshika mtaimbo.

Sitaeleza mkono. Tulimpeleka hospitalini kwenye lori la mawe.

Baada ya majuma mawili tuliitwa ofisini, yeye na bandeji yake, mimi na kofia yangu mkononi. Bwana wa usalama alikuwa na karatasi mbele yake, akauliza nani alitoa amri. Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu kwenye lori. Nikajibu kwamba nilimwambia angoje nipande kusikia, naye akaanza mwenyewe. Wale wageni hawakuwepo tena, na mwenye machimbo alipenda kosa liwe la mfanyakazi kuliko la kapita aliyemsifu. Wenzetu wa ekipi walikuwa mbali siku ile, na aliyesikia hakutaka kugombana na kapita. Bwana yule akamgeukia Kasongo, "Ni kweli?"

Kasongo aliangalia sakafu. Akasema, "Papa alisema. Njo vile."

Nataka mnielewe vizuri hapa, hasa ninyi mtakaopewa watu wa kuongoza. Sikusema uongo ule nikiomba Mungu kwamba Kasongo asinikane. Nilijua hawezi kunikana. Bukwe hamwiti bukwe mwongo mbele ya watu. Nilichukua heshima yake nikaitumia kama kabari, nikaigongomea mahali ilipoingia vizuri. Karatasi ikaandikwa: kosa la mfanyakazi. Nami nikatia sahihi, kwa mwandiko wa darasa la nne.

Hawakumfukuza. Wakamweka getini. Tangu siku ile, kila asubuhi nikifika na baiskeli yangu, Kasongo anainua kile chuma cha geti kwa mkono wa kushoto, ameinamisha macho, nami napita. Asubuhi zote hizo. Kama mmewahi kuniona nikifika kazini nikiwa na hasira bila sababu, sababu ilikuwa pale getini inanifungulia.

Na nyumbani kulikuwa na lingine. Ngalula alikuwa ameamini maneno yangu. Kwa nini asiamini, ni baba yake. Siku moja niliwatembelea, nimekaa barazani, nikamsikia ndani akimsema mumewe kwa sababu ya kazi ndogo ya nyumba iliyomshinda kwa mkono mmoja. "Papa alikuambia ungoje. Juu ya nini hukungoja?" Nilisubiri jibu la Kasongo. Alisema atamwita jirani amsaidie. Nilikunywa chai yao nikaenda zangu.

Sasa mambo mliyonisifia. Mnasema nilikuwa na njia zangu. Kapita anampa mgongaji mgongo, asimwangalie, ili asimsukume kwa macho. Mgongaji anatangaza kwa ekipi nzima, si kwa kapita. Mdogo wa kazi anasema kwanza asubuhi, mkubwa wa mwisho. Ndugu na mkwe hawakai ekipi moja hata mwenye machimbo akibembeleza. Na mtu akigonga mara tatu, kapita anapanda, hata kama ana homa, hata kama jana alipandishwa bure mara kumi. Mlidhani ni hekima. Zote nilizitengeneza baada ya mkono wa Kasongo, moja moja, kila moja kuziba tundu ambalo mimi ndiye nililitoboa. Kuna mwaka walinipeleka Lubumbashi kwenye mafunzo ya wakuu wa ekipi. Tulikaa ukumbini siku tatu na bibi mmoja mwenye makaratasi makubwa ukutani. Siku ya pili alituambia kwamba mkuu mzuri ni yule ambaye watu wake wanaweza kumwambia hapana. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa ya kwenda msalani nikakaa huko mpaka chakula cha mchana. Cheti walinipa. Kiko jikoni, juu ya mifuko ya unga, na moshi umekwisha kulifuta jina langu nusu.

Sijui kama nimekuwa kapita mzuri. Najua nilijifunza. Karo alilipa mtu mwingine.

Nilipofika hapa katika daftari nilidhani nimemaliza. Lakini nikajiuliza nitawaletea vipi ninyi habari ya mtu bila yeye mwenyewe kuisoma. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwao. Nikamwambia Kasongo nimeandika mambo ya kazi, na yeye yumo, asome aniambie kama ni kweli. Alipokea daftari kwa mikono miwili, kwa adabu, na kabla hajafungua ukurasa wa kwanza akasema, "Ni kweli, Papa."

Unaona. Miaka yote, na bado nimesimama mbele ya mgongaji, namwangalia.

Nikamwambia amsomee Ngalula, kwamba mimi nitakuwa nje. Nikatoka nikakaa karibu na mbabula, jiko lao la makaa, makaa yamekwisha kuwa majivu, nikawapa mgongo. Nilimsikia akisoma. Anasoma vizuri, bila kukwama hata pale mwandiko wangu ulipolewa. Alifika kwa Papa Mwepu, nikamsikia Ngalula akicheka. Alifika kwa Tshibangu, wakacheka wote wawili. Halafu hakuna aliyecheka. Alisoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile moja. Kisha wakazungumza chini chini, muda mrefu, siwezi kusema walizungumza nini.

Ngalula alitoka na daftari. Hakuniletea kiti wala maji. Alisimama upande wangu.

"Papa, anasema kuko fasi moja haiko kweli."

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Ni pale siku ya mvua, nilipoandika kwamba aligonga, akaniangalia, hakusema kitu.

"Anasema alisema," Ngalula aliniambia. "Anasema aligonga mara tatu, fasi moja. Akakuangalia, akangoja upande. Anasema weye unajua." Hakuondoa kidole kwenye ukurasa. "Ni kweli, Papa?"

"Ni kweli."

Alilaza daftari juu ya mapaja yangu akarudi ndani. Mlango aliufunga pole.

Ukurasa ule sikuuchana, mmeusoma ulivyo. Nimeuacha muone jinsi mtu mzima, aliyekaa chini kwa hiari yake kuungama, kalamu mkononi, bado anajifichia kipande. Karatasi ya ofisini nimekwenda kuiomba ifunguliwe upya. Shefu wenu anayo barua yangu, na jina langu liko mahali lilipokuwa jina la Kasongo. Kiti na saa mtavikuta karakana.

Aligonga mara tatu, mahali pamoja. Nilizisikia zote tatu.